Betri ya pili kwenye gari la safari: kuifunga, kuitumia na kuitunza

Kila mwaka Juni ikifika na msimu ukianza kuchangamka, madereva wanakuja gereji na swali moja kwa maneno tofauti. "Fundi, friji inazima usiku." "Fundi, nimenunua betri kubwa lakini haifiki asubuhi." "Fundi, gari limegoma kuwaka Seronera, huko Serengeti, wageni ndio wamelisukuma." Siku hizi wanakuja pia watu wenye magari ya hema juu, wanaokwenda kambi wenyewe na watoto, na shida zao ni hizo hizo. Nimechoka kumweleza kila mmoja huku nimelala chini ya gari, kwa hiyo naandika mara moja.

Mfano wangu ni Land Cruiser ya dizeli ya volti 12, kwa sababu ndiyo ninayoifungua kila siku hapa Arusha. Ukiwa na Hiace uliyoigeuza kuwa nyumba, kazi ni ile ile. Lori au basi ni habari nyingine, mengi yanatumia volti 24. Usifuate vipimo vya hapa.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine: betri ya stata ni ya stata, yaani ya kuwashia injini. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Ukiifanyisha kazi ya friji usiku kucha inakufa mapema, na inakufa mbali na lami. Friji, taa za kambi na chaji za simu zikae kwenye betri ya pili, ile ya kunyonywa polepole, na betri hizo mbili zikutane tu injini inapounguruma.

Kwanza, usalama

Volti 12 haikupigi shoti, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Betri ya ampea-saa 100 (yaani ya kutoa ampea 5 kwa saa 20) ikigusanishwa chanya na hasi hutoa mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu, kwa kufumba na kufumbua. Mimi spana iliwahi kunilalia juu ya vichwa vya betri nikiwa nimevaa pete. Spana ililiwa ukingo kama imechomelewa, na pete ilinichora alama ninayo mpaka leo. Vua pete, saa na cheni. Zungushia tepu ya umeme mpini wa spana unayoitumia kwenye betri.

Betri ya maji, ile yenye vifuniko vya kuongezea maji, inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni. Ikifika asilimia 4 tu ndani ya hewa ya kawaida, cheche moja inatosha kuilipua. Hakuna sigara wala kuchomelea karibu, na hakuna betri ya maji ndani ya chumba wanamokaa au kulala watu.

Tindikali ikikurukia, maji safi mengi mara moja. Ikiingia jichoni, suuza kwa dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali. Magadi yanaua tindikali iliyomwagika kwenye chuma au sakafuni, lakini usiyatie jichoni.

Vitu vya kuwa navyo

- Mita ya kupima volti. Hata ya bei ndogo inafaa. Bila mita unabahatisha.
- Betri ya pili iliyofungwa kabisa: AGM (tindikali yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo), jeli (tindikali imegandishwa), au lithiamu yenye maandishi LiFePO4.
- Rilei inayosikiliza volti, yaani swichi inayounganisha betri mbili volti zikipanda na kuzitenganisha zikishuka, au chaja ya betri kwa betri, inayochukua umeme mbele na kuipa betri ya pili volti zinazoifaa.
- Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 au 25 wa kuunganisha betri mbili, wa 6 kwa friji, na wa 2.5 kwa taa na soketi.
- Fyuzi kubwa mbili na nyumba zake, na kisanduku cha fyuzi ndogo.
- Lagi za shaba (vile vijicho vya kubana mwisho wa waya), koleo la kuzibana, mpira wa kufunika unaosinyaa kwa moto, bomba la plastiki la kupitishia nyaya, mikanda ya kufunga betri.
- Glavu na miwani.

Ukinunua waya, ukate ncha uangalie ndani. Siku hizi kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Ukikwaruza uzi mmoja kwa kisu ukaona weupe, rudisha.

Hesabu ya matumizi

Usinunue betri kabla ya hesabu hii. Friji ya kambi ya lita 40 hadi 50 hula ampea 4 au 5 kompresa ikizunguka. Kwa joto letu, na watu wanaofungua kila dakika kutafuta soda, hesabu ampea-saa 40 kwa siku. Taa za LED za wati 12 kwa saa nne ni ampea-saa 4. Simu sita na betri za kamera, weka 10. Jumla 54.

Sasa, betri ya risasi, yaani ya maji, jeli au AGM, hata iwe ya bei kubwa, usiishushe chini ya nusu ukitaka iishi. Kwa hiyo ile iliyoandikwa 100 ina 50 za kutumia, na hata siku moja ya kukaa kambini haifiki. Hapo ndipo mteja anaponiambia betri ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, lakini mara nyingi ni hesabu.

Lithiamu unaweza kuishusha hadi ibaki asilimia 20 au chini zaidi bila majuto, na uzito wake ni karibu nusu. Bei ndiyo inayouma. Kwa gari linalotoka kila wiki naiona inalipa. Kwa gari la familia linalotoka mara tatu kwa mwaka, AGM inatosha ukiitunza.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Pima altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma kama 12.6 au 12.7. Washa injini: unataka kuona kati ya 13.8 na 14.4. Kisha endesha nusu saa, injini ipate moto, upime tena. Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ hubaki hapo hapo. Magari mapya mengi yana kompyuta inayoshusha altaneta ili kuokoa mafuta, utaona 12.8 au chini yake. Gari la namna hiyo, usihangaike na rilei. Nunua chaja ya betri kwa betri. Na ukiwa na lithiamu, nunua chaja hiyo kwa gari lolote, kwa sababu lithiamu inavuta umeme kwa pupa kiasi cha kuunguza altaneta.

2. Chagua mahali. Chini ya boneti kuna nafasi lakini kuna moto, na joto likizidi kwa nyuzi 10 maisha ya betri ya risasi hupungua kama nusu. Mimi napenda nyuma ya kiti au kwenye sanduku la buti. AGM ya ampea-saa 100 ina kilo karibu 30. Gari likipinduka, kitu hicho kinageuka jiwe ndani ya gari. Funga kwa kitako cha chuma na mikanda, na boliti zipite kwenye bodi, zisiishie kwenye ubao.

3. Tenganisha betri ya stata. Hasi kwanza, chanya baadaye. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu umepiga shoti. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi haina madhara. Wakati wa kurudisha ni kinyume: hasi inakuwa ya mwisho.

4. Laza waya mkubwa kutoka mbele hadi nyuma. Upite ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi na chochote kinachozunguka. Kila unapopita kwenye tundu la chuma, weka mpira pembeni ya tundu. Ufunge kila sentimita 30 hivi. Ile barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera ina mawimbi ambayo yatausugua waya uliolegea mpaka ubaki uchi. Nimewahi kutoa waya ambao ngozi yake ilikwisha kwa msimu mmoja.

5. Bana lagi kwa koleo lake. Nyundo na patasi hazibani sawasawa, zinaacha nafasi, nafasi inaleta joto, na joto linaleta mengine. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu. Ikichomoka, heri ichomoke hapo gereji.

6. Weka nyumba za fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha chanya. Hili ndilo linalorukwa kuliko yote. Mtu anaweka fyuzi moja mbele anaridhika, akisahau kwamba waya ule una betri pande zote mbili. Ukikatika katikati na kugusa chesisi, fyuzi ya mbele itaungua vizuri kabisa, na betri ya nyuma itaendelea kumwaga moto. Kwa waya wa 16, fyuzi ya ampea 80. Usiingize fyuzi zenyewe bado.

7. Funga rilei au chaja. Rilei ikae mbele karibu na betri ya stata, penye ukavu. Nyingi hushika volti zikifika karibu 13.3 na kuachia zikishuka hadi 12.8 hivi. Chaja ya betri kwa betri ikae nyuma karibu na betri ya pili, penye hewa, na uipange kulingana na aina ya betri yako. Jeli haitaki kuzidi 14.2 hivi, AGM nyingi zinataka 14.4 hadi 14.7. Karatasi ya betri ndiyo yenye neno la mwisho.

8. Hasi. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya. Ukiupeleka kwenye chesisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza boliti, kisha paka grisi juu. Rangi haipitishi umeme, na nusu ya shida ninazoletewa ziko hapa.

9. Mpe friji waya wake. Usiichomeke kwenye soketi ya sigara iliyokuja na gari. Nyuma ya soketi hiyo mara nyingi kuna waya mwembamba uliosafiri safari ndefu. Angalia tofauti: friji ya ampea 5, umbali wa mita 5, yaani mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa 1.5 unapoteza karibu volti 0.6 njiani. Betri ina 12.2, friji inaona 11.6, inadhani betri imekwisha, inazima. Kwa waya wa 6 unapoteza 0.15 tu. Taa na soketi za USB zipite kwenye kisanduku cha fyuzi ndogo: waya wa 2.5 usizidi fyuzi ya ampea 15. Fyuzi inalinda waya. Haijali kifaa chako.

10. Rudisha betri, ingiza fyuzi, pima. Injini imezimwa: kila betri isome yake. Washa injini, subiri dakika chache: betri ya pili ipande juu ya 13.5. Gusa kila kiungo kwa mgongo wa mkono baada ya nusu saa. Kilicho cha moto kuliko wenzake hakijakazwa.

Inveta

Ni kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa 230 kama za nyumbani. Wageni wanaitaka, najua. Chagua ya wati 300 ya wimbi laini (kwenye boksi huandikwa "pure sine wave"), inatosha kompyuta na chaja za kamera, na hata hiyo ikifanya kazi kikamilifu inavuta karibu ampea 28. Birika la umeme la wati 1,000 lingevuta zaidi ya 90. Chemsheni chai kwa gesi. Inveta ikae karibu na betri kwa waya mfupi mnene wenye fyuzi yake, na uizime kabla ya kulala maana inakula hata ikiwa haina kazi. Upande wake wa pili ni volti 230. Hiyo inaua, hasa kwenye majani yenye umande.

Kutumia ukiwa porini

Pima asubuhi kabla ya kuwasha injini, friji ikiwa imetulia. Kwa betri ya risasi soma hivi:

- 12.7: imejaa
- 12.5: robo imekwenda
- 12.2: umefika nusu, chaji leo
- 12.0: umeshaiumiza kidogo
- 11.8 au chini: tupu, na kila siku inayokaa hivyo unaizika

Kwa lithiamu jedwali hili halifai. Volti zake hukaa karibu 13.2 muda mrefu sana halafu huanguka ghafla, kwa hiyo funga kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kosa kubwa la porini ni kudhani kwamba gari likitembea, betri imejaa. Betri ya risasi hupokea haraka mpaka karibu asilimia 80, halafu inaanza kunywa kidogo kidogo, na ile sehemu ya mwisho huchukua saa nyingi. Kuzunguka taratibu kutafuta simba na kusimama injini ikiunguruma kwa saa mbili hakujazi kitu. Siku ya Arusha hadi Serengeti inajaza. Siku tatu za kukaa kambi moja hazijazi.

Dawa ni paneli ya sola. Paneli ya wati 100 juu ya paa, jua likiwa zuri, hutoa ampea 5 hivi, na kwa siku utapata kama ampea-saa 25. Pitisha kwenye kontrola, kifaa cha kudhibiti chaji ya sola, kila mara, usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye, ili itambue ni ya volti 12. Na ifuteni vumbi! Unakuta paneli ya pesa nyingi ina rangi ya udongo wa Ndutu.

Friji nyingi zina kitufe cha kulinda betri chenye ngazi tatu. Kwenye betri ya pili ya risasi weka ya katikati. Ukilazimika kuichomeka kwenye betri ya stata, weka ya juu kabisa, inayozima friji mapema zaidi.

Wenye lithiamu wanaokwenda Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini, Juni au Julai: betri hiyo isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na kule asubuhi kuna jalidi. Iache ndani ya gari, na chaji baada ya jua kutoka.

Kutunza

Betri nyingi zinazokuja kwangu zimefia kwenye maegesho. Gari linarudi safari likiwa na betri nusu, linapumzika wiki tatu, na madini magumu yanajijenga juu ya sahani za ndani. Ukirudi, ichaji kwa chaja ya ukutani usiku mzima ndipo upumzike. Kisha zima kila kitu na urudie kila mwezi. Lithiamu ni kinyume kidogo: ikikaa muda mrefu, iache kwenye nusu au zaidi kidogo.

Kila mwezi kaza vichwa na futa ule unga wa kijani au mweupe kwa maji ya moto yenye magadi. Kama betri yako ya stata ni ya maji, fungua vifuniko uangalie: sahani zifunikwe. Hapa kuwa makini na lugha ya dukani. Ukisema "maji ya betri" wengine watakupa tindikali. Unachotaka ni maji yaliyotoneshwa, hayana rangi wala harufu wala chumvi. Tindikali haipungui, kinachokauka ni maji. Ukiongeza tindikali unazila sahani. Ya bomba usiweke, na haya yetu ya Arusha yenye floraidi na chumvi ndiyo kabisa.

Ikigoma

Friji inazima usiku lakini betri inasoma 12.4. Pima pale pale kwenye plagi ya friji, kompresa ikizunguka. Tofauti ikizidi volti 0.3, tatizo ni waya, soketi au hasi. Usinunue betri nyingine.

Betri ya pili haipandi injini ikiwaka. Angalia fyuzi mbili kubwa, kisha pima pande mbili za rilei. Upande mmoja 14 na mwingine 12.3 maana yake rilei haijashika. Mara nyingi ni waya wake mdogo wa hasi.

Gari haliwaki asubuhi ingawa ulitumia betri ya pili tu. Rilei imegandia. Kuhakikisha, gari likishawaka na kuchaji, zima injini, subiri dakika kumi, washa taa zote za kambi na upime betri ya stata. Ikishuka pamoja na mwenzake, badilisha rilei. Kwa asubuhi hiyo, tumia waya za kubusti kutoka betri ya pili ikiwa ni ya risasi: chanya kwa chanya, kisha hasi ya nzima, na mwisho kwenye chuma cha injini mbali na betri. Usijaribu kuwashia dizeli kupitia ule waya wa 16, utaunguza fyuzi tu.

Fyuzi inaungua kila mara. Usiweke kubwa zaidi, na ile karatasi ya sigara ya kuzungushia fyuzi iache kabisa. Kuna waya umechubuka. Ondoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja.

Betri imevimba au inanuka mayai viza. Zima injini na chaja, fungua milango, usiguse vichwa mpaka ipoe. Imechajiwa kupita kiasi au chumba kimoja cha ndani ya betri kimekufa. Hairudi.

Lithiamu inasoma sifuri. Haijafa, ubongo wake wa ndani umejifunga kujilinda. Ondoa vifaa vyote vinavyoivuta, ichaji kwa chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha.

Inasoma 12.7, friji ikianza inaanguka hadi 10. Hiyo imekwisha, hakuna chaja wala dawa ya chupa itakayoifufua. Wauzie wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima na tindikali yake ndani. Usikubali ipasuliwe uani kwako ili kupunguza uzito wa kubeba. Risasi iliyomo inabaki kwenye udongo wanapochezea watoto.